Timu ya Ruangwa na Mtego wa Nafasi ya Nne

Basi la timu ya Ligi Kuu linalotoka Dar es Salaam kwenda kucheza Ruangwa hufuata barabara ya kusini, likapita Nangurukuru, likafika Mnazi Mmoja, likaingia Mtama na Nyangao, na Nanganga ndipo linapoiacha barabara kuu ya Masasi na kukata kulia. Huko mbele kuna Uwanja wa Majaliwa na Namungo FC, wanaoitwa na mashabiki wao Wauaji wa Kusini. Basi hilo lingeendelea mbele bila kukata kona, lingefika muda si mrefu Ndanda, ambako jina la klabu nyingine ya kusini lilitoka. Ndanda FC ya Mtwara ilicheza Ligi Kuu misimu sita, kuanzia 2014/15, ikashuka 2020. Msimu huohuo Ndanda ikishuka, Namungo ndiyo kwanza imepanda, na ilimaliza ligi katika nafasi ya nne, ikafika na fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania. Kuanzia hapo mikoa ya Lindi na Mtwara, yenye watu zaidi ya milioni 2.8 kwa sensa ya 2022, imebaki na timu moja tu ya Ligi Kuu. Swali la sura hii ni namna ya kuilinda timu hiyo, na jibu lake limo katika majira ambayo hakuna mpira unaochezwa, yaani zile wiki za dirisha la usajili ambapo kikosi hupangwa, huvunjwa na kuundwa upya. Hoja yenyewe ni kwamba Namungo imekuwa ikilitumia dirisha hilo kutafuta msimu mmoja mzuri, ilhali klabu ya ukubwa wake inapaswa kulitumia kujenga mali ya kudumu, na mali hiyo ni wachezaji vijana wa kusini wenye mikataba mirefu.

Tuanze na ushahidi, kwa sababu kumbukumbu ya ligi yetu imejaa timu zilizong'aa na kutoweka. Mwaka 2017 Mbao FC ya Mwanza ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Dodoma, ikafungwa na Simba 2-1. Mwaka 2018 Singida United, ikiwa na msimu wake wa kwanza baada ya kurudi Ligi Kuu na ikiwa na wadhamini wengi kuliko klabu nyingi za mikoani, ilifika fainali Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar 3-2. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya Lipuli ya Iringa, ambayo fainali yake na Azam ilichezwa kwenye Uwanja wa Ilulu, palepale Lindi. Mwaka 2020 ilikuwa Namungo, iliyofungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga. Sasa tazama kilichotokea msimu wa 2019/20 ulipofungwa: Mbao, Singida United na Lipuli zote zilishuka daraja. Timu tatu zilizotangulia kusimama mahali iliposimama Namungo ziliondoka Ligi Kuu kwa pamoja, katika mwaka uleule ambao Namungo ilikuwa ikishangilia. Ni jambo la kumtia mtu hofu, na ni haki kuwapongeza viongozi wa Ruangwa kwamba yao haikufuata njia hiyo.

Nafasi ya nne nayo ina historia ileile. Baada ya Namungo, iliyoikalia nafasi hiyo 2021 ni Biashara United ya Mara, na mwaka uliofuata ikashuka. Mwaka 2022 ikawa Geita Gold, ambayo nayo ilishuka 2024. Ukiziondoa Simba, Yanga na Azam, ambazo kwa miaka hii zimezihodhi nafasi tatu za juu, kiti cha nne kimekuwa kikipokea mgeni mpya karibu kila msimu, na wageni wawili kati ya hao walitoka kwenye kiti hicho wakashuka daraja ndani ya miaka miwili. Mtu anaweza kusema ni bahati mbaya tu. Lakini bahati mbaya inayorudi kwa mpangilio ule ule, kwa klabu za Mara, Geita, Iringa, Mwanza na Singida, inastahili kutafutiwa sababu.

Sababu ipo kwenye karatasi ya mkataba. Klabu ndogo ikipanda daraja huwa haina fedha za kuahidi miaka mingi, kwa hiyo humsajili mchezaji kwa mwaka mmoja, au miwili akibembeleza. Msimu ukiwa mbaya, mkataba mfupi ni nafuu, kwani klabu inaachana naye bila fidia. Msimu ukiwa mzuri ndipo balaa huanza. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kuzungumza na kusaini kwa klabu nyingine. Chukua beki wa kulia wa miaka 22 aliyesajiliwa Julai kwa mwaka mmoja. Kufikia Januari, kabla hata mzunguko wa pili haujashika kasi, mtu huyo tayari yuko huru kusaini kwingine. Akiwa amecheza vizuri, wakala wake ameshapokea simu kutoka Dar es Salaam. Juni anaondoka, na klabu iliyompa jina haipati hata shilingi ya ada ya uhamisho. Sasa klabu inaingia dirisha kubwa ikiwa imepoteza wachezaji wake bora bila malipo, huku mashabiki wanadai nafasi ileile ya mwaka jana. Kinachofuata ni usajili wa haraka wa majina makubwa yaliyoachwa na timu kubwa, kwa mshahara wa juu na, ole wao, kwa mkataba mfupi uleule. Mzunguko ukijirudia mara mbili au tatu, kikosi kinakuwa cha wapita njia.

Namungo iliyaonja haya mapema. Timu ya 2019/20 iliyofundishwa na Hitimana Thierry iliwategemea Reliants Lusajo na Mrundi Bigirimana Blaise katika kufunga, na pembeni kushoto ilikuwa na Edward Manyama. Msimu uliofuata Lusajo alikuwa KMC, ingawa baadaye alirudi Ruangwa. Mwaka 2021 Manyama alikuwa tayari Azam. Hitimana mwenyewe aliondoka kabla mwaka 2020 haujaisha, na kazi ya michuano ya Afrika ikamaliziwa na Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Na kazi hiyo ilikuwa ya heshima kubwa, hilo lisifichwe. Katika Kombe la Shirikisho la CAF, Namungo iliitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha ikakutana na 1º de Agosto ya Angola katika kipindi kigumu cha korona. Timu ilikwama Luanda kwa masharti ya afya, mchezo haukuchezwa, na CAF ikaamuru mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Februari 2021, pale Chamazi, Namungo ilishinda 6-2, ikafungwa 3-1 katika marudiano, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5. Timu ya wilaya iliyokuwa na misimu miwili tu Ligi Kuu iliingia hatua ya makundi Afrika. Huko ikakutana na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana, ikapoteza mechi zote sita. Michezo yake ya nyumbani ilichezwa Dar es Salaam, kwa hiyo watu wa Ruangwa, Nachingwea na Nanganga walioibeba timu hiyo tangu madaraja ya chini waliitazama kwenye televisheni.

Tangu msimu wa 2019/20 Namungo haijarudi katika nne bora, na benchi lake la ufundi limepokea, miongoni mwa wengine, Denis Kitambi, Cedric Kaze, Mwinyi Zahera na Juma Mgunda. Hawa ni makocha wenye majina na uwezo, na hakuna anayestahili lawama peke yake. Tatizo ni kwamba kila kocha mpya huja na orodha yake. Anayependa mawinga wenye kasi huomba mawinga. Anayemfuata hupenda kucheza katikati, na mawinga wale wanakaa benchi wakila mshahara hadi dirisha dogo la Desemba, wanapotolewa kwa mkopo au kuvunjiwa mkataba. Klabu inayobadilisha kocha kila mwaka na kumkabidhi kila kocha funguo za usajili inalipa mara mbili: inamlipa anayeondoka na inawalipa wachezaji aliowaacha.

Kwa hiyo uamuzi wa kwanza wa dirisha lijalo haumhusu mchezaji yeyote. Usajili uwe mali ya klabu. Kuwe na mtu au kamati ndogo yenye taaluma ya mpira, inayodumu makocha wakija na kuondoka, inayojua Namungo inataka kucheza vipi na kocha aajiriwe kwa kuufuata mpango huo. Baada ya hapo ndipo yaje maswali ya nani abaki na nani aondoke, na hapo mimi ningeitazama safu kwa safu. Golini na katikati ya ulinzi, klabu isifanye majaribio. Mfano wa Jonathan Nahimana, kipa wa timu ya taifa ya Burundi aliyedumu Namungo kwa miaka, unaonyesha faida ya mgeni anayekaa: mabeki wanaizoea sauti yake, na pointi za sare ugenini zinapatikana kwa utulivu wa aina hiyo. Kanuni zinaruhusu klabu ya Ligi Kuu kusajili wageni 12, lakini kuruhusiwa hakumaanishi kuzijaza nafasi zote. Namungo inahitaji wageni wachache, watatu au wanne, wote katika mstari wa kati ya uwanja kutoka kipa hadi mshambuliaji, wote wakiwa bora waziwazi kuliko mzawa anayeweza kupatikana kwa fedha hiyohiyo. Mgeni anayelingana na mzawa ni hasara, kwa sababu mzawa hahitaji kibali cha kazi, nyumba wala tiketi ya ndege.

Pembeni mwa uwanja ni habari nyingine. Mabeki wa pembeni, mawinga na viungo wanaokimbia sana ndizo nafasi ambazo kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kukosea bila kuiangusha timu, na ndizo nafasi ambazo wanunuzi huzitafuta. Hapo Namungo iweke vijana wake kwa makusudi, na kila mmoja awe na mkataba wa miaka mitatu au zaidi; FIFA inaruhusu hadi mitano kwa aliyetimiza miaka 18, na mitatu kwa aliye chini ya hapo. Kijana akipandisha kiwango katika mwaka wa pili, klabu inauza akiwa bado na mwaka mzima mbele, ikiwa na nguvu ya kukataa bei ndogo. Kuuza kusiwe aibu. Simba iliwauza Luis Miquissone na Clatous Chama mwaka 2021, Yanga ikamuuza Fiston Mayele kwa Pyramids mwaka 2023. Ikiwa wakubwa wanauza, klabu ya Ruangwa inaona haya ya nini?

Kuna fedha nyingine ambayo klabu zetu nyingi za mikoani huipoteza bila kujua. Mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada hugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23: robo asilimia kwa kila mwaka hadi wa 15, kisha nusu asilimia kwa kila mwaka kuanzia wa 16. Mtoto wa Nanganga aliyeandikishwa Namungo akiwa na miaka 15 na kukaa hapo hadi mwaka wake wa 19 anaiachia klabu asilimia 2.25 ya kila ada ya kimataifa itakayolipwa kwa ajili yake maisha yake yote ya mpira. Akiuzwa siku moja kwa dola milioni moja, hata kama wakati huo anachezea klabu nyingine kabisa, Ruangwa inadai dola 22,500, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 50. Sharti ni moja: awe ameandikishwa rasmi, jina lake limo kwenye mfumo wa usajili wa TFF na kila mwaka unaonekana katika pasipoti yake ya mchezaji. Akiwa anacheza ndondo tu, au timu ya shule peke yake, miaka hiyo haina mwenyewe. Mbwana Samatta alipopita African Lyon, Simba na TP Mazembe hadi Genk na Aston Villa, kila hatua ilihitaji karatasi ya kumtambua aliyemlea. Vipaji vya Lindi na Mtwara vinaonekana kila mwaka kwenye mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA, halafu vinatawanyika bila karatasi yoyote.

Mbali na hapa, klabu maskini zimewahi kufikiri hivihivi. Katika mchezo wa besiboli wa Marekani, Oakland Athletics iliingia msimu wa 2002 ikiwa imewapoteza wachezaji watatu wakubwa kwa mkupuo: Jason Giambi alikwenda New York Yankees, Johnny Damon Boston, na Jason Isringhausen St. Louis. Haikuwa na fedha za kununua nyota wengine wa aina hiyo. Ilitafuta wachezaji wa bei ndogo ambao wengine hawakuwathamini, ikawachezesha pamoja na vijana wake, na ikashinda michezo 103, ishirini kati ya hiyo mfululizo. Lakini mfano huu usichukuliwe mzimamzima. Marekani klabu humshikilia mchezaji kijana kwa takriban miaka sita kabla hajawa huru, tena huko hakuna kushuka daraja. Oakland iliweza kujaribu na kukosea. Namungo inacheza ligi ya timu 16 ambamo mbili zinashuka moja kwa moja na nyingine mbili zinaingia mchujo, na kijana wake ana haki ya kuondoka mara mkataba unapokwisha. Ndiyo maana kwetu urefu wa mkataba una uzito mkubwa zaidi kuliko kwao: ulinzi ambao Oakland iliupata kwa kanuni ya ligi, Namungo lazima iuandike yenyewe.

Pingamizi zito kuliko yote linatoka Turiani. Mtibwa Sugar ya huko, bingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000, imejulikana miaka mingi kama shule ya vijana, na wachezaji waliopitia mikononi mwake wamejaa katika vikosi vya timu kubwa. Pamoja na hayo, mwaka 2024 ilishuka ikiwa ya mwisho. Kama malezi ya vijana yangekuwa kinga, ingekuwaje Mtibwa iliyozoea kulea ndiyo ishuke? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba malezi peke yake si kinga. Kikosi cha vijana kinahitaji uti wa mgongo wa wakongwe, na ndiyo maana nimesema golini na katikati ya ulinzi pasiguswe. Lakini tazama pia kilichofuata: Mtibwa ilitwaa ubingwa wa Championship mwaka 2025 na kurudi Ligi Kuu baada ya msimu mmoja tu. Mbao, Singida United na Lipuli hazijarudi. Klabu yenye vijana wake inaweza kuanguka ikiwa na kitu cha kusimamia. Iliyojengwa kwa mikataba ya mwaka mmoja ikianguka, wachezaji wote wanaondoka na kinachobaki ni jezi na madeni.

Wapo watakaosema kijana wa kusini akipata jina atakimbilia Simba au Yanga tu, hata akiwa na mkataba. Aende, lakini alipiwe. Wengine watasema mashabiki wanataka majina, kwamba uwanja haujai kwa kumwangalia mtoto wa Nachingwea. Hili silikubali. Mji mdogo humpenda mtu wake. Kijana ambaye mama yake anauza sokoni na mwalimu wake amekaa jukwaani huleta kijiji kizima uwanjani, na huleta kila wiki, si siku ya Simba na Yanga peke yake.

Inabaki hoja ya fedha, na hapa wakati unasukuma. Kwa muda mrefu Namungo ilipumzika katika kivuli cha Kassim Majaliwa, mbunge wa Ruangwa kuanzia 2010 na Waziri Mkuu kuanzia 2015, ambaye jina lake liko kwenye uwanja. Mwaka 2025 hakugombea tena, na uwaziri mkuu wake ukafika mwisho. Mapenzi yake kwa timu yanaweza kuendelea, ila hakuna klabu inayopaswa kupanga bajeti kwa kutegemea cheo cha mtu mmoja, hata awe na nia njema kiasi gani. Wala mdhamini mmoja si dawa: Geita Gold ilikuwa na mgodi mkubwa wa GGML nyuma yake, na ilishuka. Mapato ya hakika ni ya haki za matangazo, kwa mkataba wa miaka kumi wa shilingi bilioni 225.6 ambao TFF ilisaini na Azam Media mwaka 2021, na hayo yanaweza kusaidia kulipa mishahara ya kikosi cha wastani kisicho na majina ya gharama. Nyongeza inaweza kutafutwa kwa wakulima wenyewe. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale tayari huuza korosho na ufuta kupitia chama kikuu kimoja, RUNALI. Mchango wa hiari wa wanachama wakati wa minada, ukielekezwa kwenye timu ya vijana tu na hesabu zake zikabandikwa kwenye ofisi ya kila chama cha msingi, ungewafanya wakulima wa wilaya tatu kuwa wenye timu kwa vitendo. Kampuni ya Lindi Jumbo, yenye mgodi wa madini ya kinywe wilayani Ruangwa, nayo inaweza kuombwa, lakini kwa kazi inayobaki: viwanja vya mazoezi, bweni, walimu wa vijana.

Viongozi wa Namungo, dirisha likifunguliwa msikimbilie orodha ya walioachwa na Simba na Yanga. Kaeni kwanza na maofisa michezo wa Ruangwa, Nachingwea, Masasi na Lindi, chagueni vijana kumi na watano, waandikisheni kwa majina yao kamili katika mfumo wa TFF, na wale walio tayari kwa Ligi Kuu wapeni mikataba ya miaka mitatu kabla ya kumsaini mgeni yeyote.